Bruchi Iliyonyamaza

Bomba la jikoni lilikohoa, likatema hewa, kisha maji yakaanza kugonga sufuria tupu ambayo Mireille alikuwa ameitega chini yake. Nje bado kulikuwa giza. Alimgusa mumewe begani.

"Papa Elysée, amka. Maji imerudi."

Pascal, baba wa binti yao Elysée, aliamka bila kunung'unika. Katika jengo lao la Albert Park, mjini Durban, maji yalikatika mara kwa mara, na yakirudi hayakai. Wa ghorofa za chini hufungua mabomba yote, wa juu wakabaki na upepo. Alishika ndoo, mkewe akashika madumu, wakaanza kujaza. Kwenye kochi la sebuleni Koko Félicité, mama yake Pascal, aligeuka na kusema bila kufungua macho:

"Mujaze na birika. Juzi mulisahau birika, tukakunywa chai ya maneno."

"Ndiyo, Mama."

"Na ndoo ya Mama Gadiel pale mlangoni. Mgongo unamuuma, hawezi kubeba."

Pascal aliijaza ndoo ya jirani kwanza, akairudisha mlangoni kwake taratibu asimwamshe. Kisha akafuta mikono, akateremsha kutoka juu ya kabati kisanduku kilichofungwa kwa taulo safi. Alikuwa amemaliza kazi jana jioni, na alitaka mkewe aione kabla hajaondoka nayo.

Ilikuwa bruchi, pini kubwa ya kifuani, pana kama kiganja cha mtoto, iliyosukwa kwa nyuzi nyembamba za fedha kama kikapu. Kuizunguka vilining'inia vijisahani vidogo vilivyopakwa dhahabu, kila kimoja kimebonyea kama kijiko cha chumvi. Mwenyewe alikuwa Mama Borghild, mzee wa Kinorwe aliyeishi juu kule Berea, ambaye Mireille alimtunza kutwa, siku zote isipokuwa Jumapili. Kijisahani kimoja kilikuwa kimeanguka. Mama Borghild akamtumia Pascal bruchi nzima pamoja na maneno: arudishe kilichoanguka, na atazame vingine visije vikapotea.

"Sasa ona," alisema Pascal. "Nilikuta vyote vinalegea. Vyote! Vinacheza kama meno ya mtoto. Fundi wao wa zamani alifanya kazi mubaya kabisa. Nikakaza kimoja kimoja. Hata akiitupa dirishani, hakuna kitakachoanguka."

Mireille aliipindua chini ya taa. Iling'aa vizuri. Vijisahani vilikaa vimetulia, vimepangwa kama watoto kanisani.

"Iko mzuri, Papa Elysée. Atafurahi."

"Na usimuombe pesa. Mwambie ni zawadi ya sikukuu yao."

Koko Félicité alikuwa ameshaketi, kitenge mabegani. Alinyoosha mkono apewe aone.

"Na hii ndiyo wanavaa na yale manguo ya sufu?"

"Ndiyo, Mama. Jumapili hii, tarehe kumi na saba Mei, siku ya taifa lao. Wanorwe wote wa Durban wanakutana, wanavaa mavazi ya makabila yao."

"Sufu, hapa Durban! Watapikwa wazima wazima." Alipapasa fedha kwa kidole gumba. "Lakini kitu ni kitu. Mwanangu, wewe ni fundi."

Pascal alitabasamu akitazama sakafu. Tangu waondoke Bukavu kazi yake ilikuwa kubadilisha betri za saa na kuunganisha cheni za bei nafuu, mezani kwenye pembe ya duka la simu la Alain. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa hapa kumwamini na kitu cha urithi.

*

Mama Borghild alikuwa ameketi barazani kwenye nyumba yake ya zamani yenye sakafu ya mbao, akinusa hewa. Macho yake yalikuwa yamejaa ukungu. Aliona mwanga na umbo la mtu, basi. Ujanani alifanya kazi ya uuguzi katika milima ya Kivu, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, cha kale kidogo, chenye maneno ambayo hata Koko Félicité alikuwa ameanza kuyasahau.

"Ni wewe, binti yangu? Hatua zako leo ziko na furaha."

"Ni mimi, Mama. Nimeleta kitu chako. Papa Elysée anasema ni zawadi, usilipe."

"Aa, hapana, fundi anakula nini? Lete, lete hapa."

Mireille alimwekea mikononi. Mama Borghild aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza karibu na sikio, akaitikisa.

Akaitikisa tena.

Mireille alikuwa akivua viatu, akiongea juu ya maji yaliyorudi, na alipoinua macho akamkuta mzee ameshikilia bruchi magotini, uso umebadilika. Hakuonyesha hasira. Alikuwa kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba anayoijua, pasiitike mtu.

"Kuna nini, Mama?"

"Hakuna." Alipapasa vijisahani. "Imekuwa imara. Imara sana. Mwambie mume wako asante."

Aliirudisha kisandukuni mwenyewe. Kahawa yake ilipoa bila kuguswa, na mkate wenye jibini ya kahawia, ambao huula kila asubuhi akiusifu, aliula nusu. Mireille alimchana nywele, akamsimulia maneno ya Koko Félicité kuhusu kupikwa na sufu. Mzee alicheka, lakini kwa adabu tu.

"Nikiwa mtoto," alisema ghafla, "mama yangu aliniambia fedha hizi ni za kufukuza watu wa chini ya ardhi. Walikuwa wanaiba watoto wachanga, wanaweka wa kwao. Basi kila mtoto aliwekewa fedha kwenye nguo."

"Kumbe hata kwenu kulikuwa na wachawi!"

"Wengi. Na baridi pia." Akainamisha kichwa apate kuchanwa. "Mama alikuwa anavaa hii siku ya sikukuu. Watu wengi, sketi nyingi, mimi mfupi. Nilikuwa simwoni. Nilikuwa ninasikiliza."

Mireille aliendelea kuchana. Aliyasikia maneno hayo, lakini hakuyaunganisha na kisanduku kilichokuwa mezani.

*

Mchana alifika Beverly, mke wa mtoto wa Mama Borghild, amebeba vazi kutoka kwa dobi. Alikuwa mwanamke mwenye shughuli nyingi, aongeaye haraka haraka. Yeye ndiye aliyempeleka mzee kwa daktari kila wiki, na hakuwahi kukosa. Alisema Kiingereza tu.

"Tujaribu leo, Mama, nijue kama kiuno kinatosha."

Walimvalisha pamoja, Beverly upande huu, Mireille upande ule: shati jeupe la kitani, sketi nzito nyeusi, kizibao chenye maua ya uzi mwekundu na kijani. Mama Borghild alisimama katikati ya chumba akiwa amenyooka kuliko siku zote. Beverly akafungua kisanduku, akaibandika bruchi kifuani.

"Geuka kidogo, Mama."

Mama Borghild akageuka. Sketi ilisikika ikisugua sakafu. Hakuna kingine kilichosikika.

Beverly aliganda. Alinyoosha kidole, akasukuma vijisahani. Havikusogea.

"Hii si yenyewe," alisema.

"Beverly."

"Si yenyewe, Mama! Ile inatikisika. Ile inalia. Kila mwaka naisikia kabla hujatoka chumbani." Akamgeukia Mireille. "Ulimpa nani?"

"Mume wangu. Aliitengeneza, aka..."

"Akaitengeneza, au akatengeneza nyingine?"

Mireille hakuelewa mara moja. Alipoelewa, damu ilimpanda usoni. Alimtazama Mama Borghild.

"Ni ile ile," alisema mzee. "Naijua kwa kidole. Hapa nyuma kuna mahali palipopinda, nilipinda mimi kwa meno nikiwa mdogo."

"Mama, huoni," alisema Beverly. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosemeshwa mtoto mwenye homa. "Siku hizi wanaiga kila kitu. Hata alama."

Vidole vya Mama Borghild vilipapasa hewa vikitafuta kiti, na ni Mireille aliyemsogezea.

"Naomba ufunguo wa nyumba," alisema Beverly. "Mpaka tujue."

Mireille alitoa ufunguo kwenye mkoba. Ulikuwa kwenye kishikizo kimoja na wa nyumbani kwake, akautenganisha wakati Beverly amenyoosha kiganja akisubiri. Kabla ya kutoka alikunja kitambaa cha kuchania nywele, akamfunga Mama Borghild kamba za viatu zilizokuwa zimelegea, asije akajikwaa.

"Kesho utakula nini, Mama?" alimuuliza kwa Kiswahili.

"Sijui, binti yangu. Sitakuwa na njaa."

*

Pascal alikuwa ameinamia saa ya mteja alipomwona mkewe mlangoni saa ambayo hakutarajiwa. Alain alikuwa anabishana na mtu juu ya kioo cha simu. Mireille alisimama kando ya meza, akasema yote kwa sauti ya chini, tangu kutikiswa mpaka ufunguo.

"Wanasema hailii," alimaliza.

"Hailii namna gani?"

"Haitoi sauti. Vile vijisahani. Inaonekana vilikuwa vinagongana, vinalia. Mama Borghild haoni, Papa Elysée. Ile sauti ndiyo alikuwa anangojea."

Pascal aliweka kibano chini. Alitazama mikono yake muda mrefu.

"Vilitakiwa vilegee," alisema.

Kwenye meza ile, kila mteja aliyeleta kitu aliomba jambo moja: kaza. Kaza hereni, kaza kidani, kaza kabisa, maana mjini mtu ananyakua, na kinachoning'inia ndicho cha kwanza kuondoka. Miaka yote Pascal alisifiwa kwa kukaza. Kwa hiyo alipoikuta kazi ambayo kila kipande kinacheza, hakujiuliza. Aliazima pasi ya kulehemu ya Alain, ile nyembamba ya kuunganishia waya za simu, akatia tone la risasi, madini laini ya kulehemia, kwenye kila kipete kilichoshikilia kijisahani, kwa uangalifu na kwa upendo, hadi vyote vikatulia.

Alain alikuwa amemaliza na mteja, akasikia mwisho wa maneno.

"Eish, Pascal! Mtu amekuletea kinanda, wewe umekigongea misumari."

"Acha, Alain."

"Siachi. Mimi nikitengeneza simu, inalia. Wewe umetengeneza, imekufa bubu."

Mireille, kwa huzuni yote aliyokuwa nayo, alicheka, akafunika mdomo kwa mkono. Hata Pascal alitikisa kichwa. Kisha Alain akavuta droo, akatoa kigurudumu kidogo kilichozungushiwa utepe mwembamba wa shaba iliyosukwa.

"Shika. Huu unakunywa risasi. Unaweka juu, unagusa na pasi, risasi yote inapanda kwenye utepe. Beba na pasi yenyewe. Mimi leo nitauza vifuniko vya simu tu."

"Na kama wataniitia polisi?" aliuliza Pascal polepole. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa halali bado, lakini alijua jinsi mtu anavyoweza kushikiliwa kwanza, karatasi ikasomwa baadaye.

"Ukikaa hapa ndiyo watakuita mwizi," alisema Mireille. "Na mimi pia."

Walipopita nyumbani kuchukua koti lake la kanisani, Koko Félicité alisikia habari akiwa anachambua dengu. Alinawa mikono, akajifunga kitambaa cha kichwa.

"Mama, unaenda wapi?"

"Berea. Huyo mama ananijua kwa maneno tu. Aone uso wangu, ajue nimezaa mtu wa namna gani."

"Haoni, Mama."

"Basi atanisikia."

*

Beverly alifungua mlango wa mbele kidogo tu, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Aliwaona watatu: Mireille, mwanamume mwenye koti na mfuko wa vifaa, na bibi mfupi amesimama kama askari.

"Ningepiga simu," alisema. "Hakukuwa na haja ya kuja na watu."

"Madame, mimi ndiye fundi," Pascal alisema kwa Kiingereza chake kizito. "Hatukubadilisha kitu. Niliharibu. Nilikuja kusema niliharibu."

"Nani hapo?" sauti ya Mama Borghild ilitoka ndani, kwa Kiswahili.

"Ni mimi Pascal, Mama! Mume wa Mireille. Nilikaza vyote, nikidhani ni ubovu. Sikujua ilikuwa inalia. Kwetu kule mjini chini kila kitu tunakaza. Unisamehe, Mama. Ninaweza kulegeza."

Kisha kikasikika kitu ambacho Beverly hakukitarajia: mama mkwe wake anacheka, kicheko cha kweli, cha tumboni, hadi akakohoa.

"Amekaza! Beverly, hakuiba. Alikaza! Fungua mlango, mwanangu."

Beverly alifungua, lakini uso wake haukulegea. Aliwakaribisha hadi ukumbini, si zaidi. Alipewa tafsiri ya maneno yote, akasikiliza, akasema:

"Pengine ni kweli. Lakini sitampa tena hivi hivi. Kuna sonara Overport, Mzee Pillay, aliyetengeneza pete zangu za ndoa. Yeye ataniambia kama ni fedha ya zamani au la. Na wakati huo, ningependa kushika kitambulisho chake."

Pascal aliingiza mkono kwenye koti, akatoa karatasi yake iliyokunjwa ndani ya plastiki. Aliitoa kwa mikono miwili. Koko Félicité aligeuza uso akatazama picha ukutani.

Mama Borghild alisikia plastiki ikikwaruza.

"Hiyo ni nini? Beverly, ni karatasi yake? Mrudishie."

"Mama..."

"Nimeishi kwenye nchi ya watu na karatasi mfukoni. Najua mtu akikutana na askari bila hiyo. Mrudishie. Na hiyo bruchi mpe yeye aibebe. Nimpe nani mwingine? Yeye ndiye anayejua risasi aliiweka wapi."

Beverly alisimama na karatasi mkononi. Mwishowe akamrudishia Pascal, akachukua funguo za gari.

"Basi nitampeleka mimi mwenyewe," alisema.

*

Garini, kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, Beverly alimtazama Pascal kwa pembeni, akaona ameshika kisanduku magotini kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba mayai. Pia aliona kwamba hakuwa amejifunga mkanda kwa sababu hakutaka kukiachia. Alinyoosha mkono, akamfungia.

"Thank you, Madame."

"Beverly," alisema, akaendesha.

Mzee Pillay alikuwa na duka dogo lenye mlango wa chuma na kengele. Mlinzi alimfungulia Beverly, kisha akaweka mkono mbele ya Pascal na kuonyesha mfuko wake. Pascal akaufungua: pasi ya kulehemu, utepe wa shaba, kibano, kitambaa. Beverly alisubiri mlangoni mpaka ukaguzi ulipokwisha. "Yuko na mimi," alimwambia mlinzi, na alionekana kushangaa kidogo kujisikia akisema hivyo.

Sonara aliweka lenzi jichoni, akaigeuza bruchi, akasugua mgongo wake kwa jiwe jeusi la kupimia madini, akalitazama jiwe. Halafu akatazama vipete. Akaanza kutabasamu. Tabasamu likawa kicheko.

"Nani alifanya hivi?"

"Mimi," alisema Pascal.

"Kwa risasi ya simu!"

"Ndiyo, Mzee."

"Mama, hii ni fedha ya zamani, ni yenyewe, usiwe na wasiwasi," Pillay alimwambia Beverly. Kisha kwa Pascal: "Bwana mdogo, mke wangu ana bangili za miguu zenye njuga. Akitembea jikoni najua chai inakuja. Mimi ningelehemu zile njuga, leo ningekuwa nalala gereji na mbwa."

Pascal alicheka kwa aibu. Beverly pia alicheka, na baada ya kucheka akakaa kwenye kiti cha wateja ghafla, mkoba mapajani, akatazama sakafu.

"Nilimwambia mkewe kitu kibaya sana," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Pillay alijifanya hakusikia. "Una bahati ulitumia pasi ndogo," alisema. "Ungeleta moto mkubwa, dhahabu ya juu ingeungua na nyuzi zingekunjana kama nywele. Utaiondoaje?"

Pascal alimwonyesha utepe wa Alain. Mzee aliugusa, akaunusa, akavutiwa nao kama mtoto.

"Hii mimi sina. Njoo nyuma ya kaunta. Utatoa risasi, mimi nitakukatia uzi wa fedha wa vipete vipya, maana hivi vya zamani vimekula risasi, havifai. Kaa hapo. Kiti cha mwanangu. Yeye amekwenda kuwa mhasibu."

Kwa hiyo Pascal aliketi kwenye kiti cha sonara, na alasiri nzima walifanya kazi bega kwa bega. Utepe uliinywa risasi polepole. Pillay alizungusha uzi kwenye sindano, akakata vipete, akampa. Ilipofika zamu ya kuvifunga, Pascal alisita kila mara, kibano hewani: mkono wake ulitaka kubana.

"Acha," Pillay alisema. "Acha nafasi. Zaidi. Hapo."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukaza. Beverly aliwaletea samosa kutoka duka la jirani, akasahau kwamba alikuwa na miadi ya kazi yake ya udalali, kumwonyesha mnunuzi nyumba.

*

Waliporudi Berea waliwakuta wale wazee wawili barazani, mikono imeshikana, wakibishana juu ya jina la mto fulani wa Kivu ambao wote wawili walikuwa wameuvuka kwa miguu. Mireille alikuwa jikoni akipika viazi. Beverly alipita moja kwa moja hadi jikoni. Kilichosemwa huko hakikusikika barazani, ila Mireille alipotoka alikuwa na ufunguo mkononi na macho mekundu, na Beverly nyuma yake alikuwa amebeba trei ya chai mwenyewe, vikombe vile vya maua ya buluu vya kabatini ambavyo havitolewi hovyo. Cha kwanza alimpa Koko Félicité, cha pili Pascal.

Pascal alipiga magoti mbele ya kiti cha mzee, akaweka bruchi kwenye kiganja chake.

Mama Borghild aliisogeza sikioni. Akaitikisa kidogo tu.

Ilikuwa sauti ndogo sana, kama vijiko vingi vya chai katika chumba cha mbali. Mzee alifumba macho yake ambayo hata yakiwa wazi hayakuona, akaitikisa tena, kichwa kikiinama upande, akisikiliza kimoja kimoja.

"Huyu mmoja anasema tofauti," alisema.

Pascal alitaka kufa. "Kipete chake ni kinene kidogo, Mama. Uzi mwembamba ulikwisha. Nitabadilisha. Kesho nitarudi kwa Mzee Pillay, nita..."

"Acha." Alikuwa amekipata kijisahani chenyewe kwa kidole, anakigusa. "Wengine wana sauti ya fundi wa mama yangu, simjui hata jina. Fundi wa huyu ninamjua. Mwache alie."

Koko Félicité alipuliza chai yake. "Nilisema mwanangu ni fundi," alisema. "Hata akikosea, anakosea kwa bidii."

Barazani wote walicheka, na Beverly, ambaye hakuelewa neno, aliomba atafsiriwe, kisha akacheka kwa zamu yake.

*

Jumapili jua lilikuwa laini. Kwenye uwanja nyuma ya kanisa la Wanorwe kulikuwa na bendera ndogo nyekundu, soseji, aiskrimu, na wanawake wachache wenye sketi nzito wakijipepea kwa karatasi za nyimbo. Familia ya Pascal ilifika baada ya ibada yao, Koko Félicité akiwa na kitenge kipya, Elysée akipiga picha kila kitu kwa simu. Binti huyo aliwaambia wazazi wake kwamba shuleni hakuna atakayemwamini.

Mama Borghild alitembea kwenye msafara mfupi wa kuzunguka uwanja, Mireille akimshika mkono wa kulia, Beverly wa kushoto. Hatua zake zilikuwa za mashaka kwenye majani, lakini kila alipotua mguu fedha ililia kifuani, na uso wake ulikuwa umetulia. Mtoto mmoja mwenye mashavu mekundu alifuata nyuma yao mzunguko mzima, kwa sababu alitaka kusikia. Pascal alisimama kando ya meza ya soseji, mikono mfukoni. Mtu mmoja alimuuliza kama yeye ni wa ubalozi. Akajibu hapana, yeye ni fundi, na akaona kwamba neno hilo lilimtoka kirahisi.

Walimrudisha mzee nyumbani kwake alasiri. Alikuwa amechoka, nywele zimelowa jasho chini ya kofia ya kitani, na alikubali kwamba Koko Félicité alisema kweli kuhusu kupikwa. Mireille alimvua viatu. Pascal aliinua mfuko wake wa vifaa, ambao alikuwa ameubeba kutwa akihofia kipete kingefunguka, akaaga.

"Sasa iko salama, Mama. Haitanihitaji tena."

"Bruchi ndiyo haitakuhitaji," alisema Mama Borghild. Alinyoosha mkono hewani mpaka Pascal akaushika, naye hakuuachia upesi. "Lakini kahawa yangu ni nyingi, na huyo mama yako bado hajakubali jina la mto. Mukuje tena. Mukuje siku ambayo hakuna kitu kimevunjika."